Jibu: Wapenzi wako wa 1923 hawana haja ya kunong'ona

Salama mkuu. Umeuliza kuhusu hadithi yako ya mapenzi: umekwama kwenye sura ambayo mwigizaji na mpiga picha wanashindwa kusemezana kwa sababu studio nzima imeamriwa kunyamaza. Angalia mwaka kwanza. Umesema Hollywood ya 1923, na filamu bado zilikuwa bubu. Seti ilikuwa na kelele kama sokoni: mwongozaji anapaza sauti "geuka, lia sasa!" huku kamera inarekodi, mafundi wanagonga misumari seti ya jirani, na pembeni yupo mpiga fidla wa kumtoa bibie machozi. Ukimya unaouwazia ulikuja na filamu za sauti, kuanzia 1927. Waache waongee, ila bwana mpiga picha mkono wake uko kwenye mpini wa kamera, anazungusha, na hawezi kuuachia katikati ya tukio. Mimi hapo ningekaa ukurasa mzima.

Kizuizi cha penzi kitafute kwenye mkataba. Baada ya kashfa ya 1921 ya Arbuckle, nyota wa filamu za vichekesho, studio zilianza kuingiza kipengele cha maadili. Nyota akichafuka jina, kibarua kinaota nyasi. Zile barua za shangazi ulizoweka kwenye hadithi zitoe tu, zinaichelewesha.