Nilivyolitazama Jua kwa Filamu ya Eksirei

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, jua likipatwa, nikikunja filamu ya eksirei mara mbili si itatosha?" Nilicheka, kisha cheko likanikauka. Swali hilo niliwahi kujiuliza, nikajijibu ndiyo.

Tulikuwa wanne na filamu moja, tukipokezana. Rafiki aliyeileta aliapa kwamba haina madhara, na mimi kwa ubishi wangu nikashika zamu ndefu kuliko wote. Jua lilibaki ukingo mwembamba kama ukucha, zuri ajabu, wala halikuniuma. Mtego ni huo! Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu, huungua kimya kimya. Na ukingo ule, japo mwembamba, ukali wake ni uleule wa jua zima. Filamu iliufifisha mng'ao tu. Mionzi isiyoonekana ikapenya.

Kesho yake nikafungua kitabu: katikati ya kila neno kuna herufi haipo. Nikapangusa macho, nikailaumu taa. Daktari akapima, akasema dawa hakuna, tusubiri. Doa limepungua ila halijaisha. Nikifumba jicho la kulia, ninayezungumza naye hana pua. Yule rafiki mpaka leo hunitania kwamba nilizidisha. Yeye anaona vizuri, atakosaje kutania?

Kwa hiyo sikilizeni, hasa ninyi mnaojiona wajanja kama nilivyojiona. Miwani ya jua ya kawaida, hata iwe nyeusi tii, haifai. Kioo cha moshi hakifai, sidii haifai, filamu ndiyo kabisa. Tafuta miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, isiyo na mkwaruzo. Ukiivaa chumbani usione kitu. Kioo cha wachomeleaji kiwe namba 14 kwa kipimo cha weusi wake. Na usichungulie darubini ukiwa umevaa miwani hiyo: lenzi hukusanya jua, likaitoboa miwani na jicho lako. Kwa watoto narudia: filamu hapana!

Mimi siku hizi hulipa jua mgongo. Natoboa karatasi kwa sindano, naacha mwanga uangukie karatasi nyingine, na kijua kilichomegwa kinajichora pale. Hata chini ya mti utayaona mamia, majani yakiwa ndiyo matundu.

Agosti 2, 2027 jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6 karibu na Luxor, Misri. Mdogo wangu, wewe nunua miwani mapema. Rafiki yangu ameshaniambia filamu yake bado anayo.