Taa za Kuchomoza Zikigoma, Usikimbilie Kununua Mota

Ukiwa na gari la zamani lenye taa zinazochomoza kwenye boneti, siku itafika utazungusha swichi na taa moja ifunguke huku mwenzake imelala. Wengi hapo hapo huanza kutafuta mota ya kuinulia taa. Mimi nimeishi na Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile la 1989 hadi 1997, na msimamo wangu ni huu: mota iwe ya mwisho kushukiwa. Ni ghali, mpya ni adimu, na mara nyingi iliyomo bado nzima.

Anza kwa kusikiliza. Mtu mwingine awashe taa, wewe simama pembeni, mikono mbali kabisa. Mfuniko wa taa unashuka kwa nguvu na haujali kidole cha mtu. Ukitaka kushika chochote mle ndani, chomoa kwanza waya wa hasi wa betri.

Zikiwa kimya zote mbili, angalia fyuzi na rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Kwenye MX-5 kuna kitufe cha kuinua taa bila kuziwasha, nacho ni kipimo kizuri cha bure: kama kitufe kinaziinua lakini swichi ya taa haiziinui, mota zako ni nzima na ugonjwa uko upande wa swichi.

Ikiwa kimya moja tu, nenda kwenye plagi yake na waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Magari haya yana miaka karibu 30 au zaidi, na pale mbele maji ya barabarani hayaishi. Fungua bolti ya ethi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza upya. Testa ikionyesha umeme unafika na ethi ni safi lakini mota bado haijibu, sasa ishuku.

Mota ikilia bila taa kupanda, kuna kitu kimevunjika kati yake na taa. Kagua vile vyuma vya kuinulia na bushi zake, yaani vipete vya kwenye maungio. Chevrolet Corvette za 1984 hadi 1996 zinajulikana kwa hili: vipande vya plastiki ndani ya gia ya mota husagika vikawa unga, na vipya huuzwa peke yake bila mota. Za kabla yake, 1968 hadi 1982, ni habari nyingine kabisa, maana taa zake huinuliwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Huko tafuta mpira wa hewa uliopasuka.

Kinachotisha watu zaidi ni taa inayopanda na kushuka bila kukoma. Rilei inaweza kuwa chanzo, lakini mimi hupenda kufungua kifuniko cha mota kwanza. Ndani utakuta sahani ya shaba inayozunguka na vidole vyembamba vya chuma vinavyoigusa. Ndivyo vinavyoiambia mota isimame. Grisi ya kiwandani huwa imegeuka nyeusi na kunata kama ulimbo, ikaziba mguso huo. Ifute yote kwa spiriti, pitisha msasa laini kabisa kwenye shaba, inua vidole kidogo tu vipate kubana, kisha paka grisi mpya kiasi cha kuonekana kwa shida. Ukiijaza, utairudia kazi hii.

Zikikugomea usiku zikiwa chini, kwenye MX-5 kila mota ina kifundo cha kuzungusha kwa mkono chini ya kifuniko cha mpira. Toa kwanza fyuzi ya mota iliyoandikwa RETRACTOR, ndipo uzungushe hadi taa isimame wima. Balbu zina fyuzi yake, kwa hiyo zitawaka kama kawaida. Ziache juu hivyo hivyo, fyuzi ikiwa nje, mpaka upate nafasi ya kuzifungua mchana.