Kadi ya mate ikauke kwanza ndo uifunge

Kama kazi yako ni kuchukua mate ya watu kwenye kadi ya karatasi yakapimwe kama wametumia unga (heroini au kokeini) au bangi, naomba unisikilize, maana haya mimi nimeyajua kwa kukosea. Nilikuwa Tanga, mwezi wa tatu, joto na ule unyevu wa baharini, nikadondoshea kadi mate, nikaziacha kama nusu saa, nikagusa naona kavu, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki nikafunga nikatuma na basi. Wiki ile ile maabara wakanipigia. Kadi zimegandana, pembeni zina ukungu wa kijani, na zinanuka. Moja ilikuwa ya kijana anayesubiri majibu arudi kazini, na mate yanaonyesha siku moja mbili za nyuma tu, kwa hiyo hata nilivyomwita atoe mengine, kile tulichokuwa tunakitafuta kilishapita. Aliniangalia tu hakusema kitu, na mimi usingizi sikupata.

Sasa hivi naziacha masaa matatu manne, kivulini siyo juani, zisigusane, na kukiwa na mvua nazilaza mpaka asubuhi, halafu ndo mfuko pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu. Mate yakikauka vizuri bakteria wanasimama, kokeini haiharibiki haraka, unatuma kwa bahasha bila friji, na hapo ndo uzuri wa kadi ulipo.

Halafu jamani, mate hayana rangi, tone likishakauka hulioni tena. Chora duara kabla, kwa penseli, wino wa kalamu unayeyuka unaingia kwenye kipimo. Na udondoshe kwa pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupimia matone, usimwambie mtu ateme juu ya kadi, kwa sababu tunaongelea maikrolita 20 au 30 hivi, usipojua umeweka kiasi gani ile namba ya kwenye mashine utaisomaje? Akiwa ametoka kula asukutue na maji msubiri dakika kumi. Bablishi usimpe hata mdomo ukiwa mkavu, mate yakija mengi kwa mkupuo ile dawa unayoitafuta ndani yake inapungua.

Kwa wale wa methadoni, ile dawa ya kuwatibu watumiaji wa heroini, ambao hospitali ya Muhimbili wanawahudumia tangu 2011, chukua mate kabla hajanywa dozi, kwa kuwa ile ya maji inabaki mdomoni na namba inapaa isivyo kawaida.

Kwenye majibu nenda taratibu. Heroini inaacha alama yake inayoitwa 6-MAM, ukiikuta hiyo ni heroini, ila inapotea mapema. Ukikuta mofini peke yake usimhukumu mtu, maana heroini inageuka mofini mwilini lakini mofini ni dawa ya maumivu pia, na kodeini nayo inageuka mofini, muulize kwanza kama ametoka hospitali au alikunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Na dawa za jamii ya valiamu, zile za usingizi na kutuliza wasiwasi, zinashikana na protini kwenye damu, kwenye mate zinafika kidogo sana, kadi ikisema hapana usimwandikie kwamba hajatumia, kwa hizo bora umwombe mkojo.