Maswali na majibu: Sanamu ya nje kwenye makazi ya maveterani

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi wa meneja wa mradi katika shirika lisilo la faida linalojenga nyumba za bei nafuu kusini mwa Minnesota. Mradi wetu una nyumba 60 za kupangisha kwa maveterani wa jeshi la Marekani, wengi wao waliwahi kukosa makazi, na baadhi watahamia na familia. Tumetengewa dola 120,000 kwa ajili ya kazi ya sanaa katika bustani ya mbele. Bodi imegawanyika: nusu wanataka askari wa shaba, nusu wanataka kitu kisicho na sura ya mtu. Mkandarasi anasema atamwaga zege la njia za bustani baada ya miezi minne. Tutangaze shindano? Mkataba uweje? Na kuna masharti gani ya kiufundi? — Msomaji, Minnesota

Jibu

Marahaba. Nitaanza na zege, maana hilo ndilo lenye tarehe. Bodi inaweza kubishana mwaka mzima, mkandarasi hasubiri. Mwambie sasa hivi aliache wazi eneo la sanaa na apitishe mabomba mawili matupu chini ya njia, moja la nyaya za taa na jingine la akiba. Kupasua zege jipya ili kuzika waya ni kuchoma fedha. Msingi wenyewe usimwagwe mpaka msanii apatikane na mhandisi wa miundo mwenye leseni ya Minnesota apige muhuri michoro, kwa sababu nafasi na unene wa boliti hutokana na uzito wa sanamu na nguvu ya upepo utakaoipiga. Kanuni za ujenzi za jimbo lenu zinataka misingi ishuke inchi 42 upande wa kusini, yaani zaidi kidogo ya mita moja, na inchi 60 kaskazini. Maji yaliyomo ardhini yakiganda huvimba na kuinua kilichokaa juu yake. Kwetu fundi angekucheka ukimchimbisha shimo la namna hiyo. Huko akilipunguza, sanamu itaanza kuinama baada ya majira machache ya baridi.

Sasa ugomvi wa bodi. Naegemea upande wa wasiotaka askari, na sababu yangu si ladha. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, iko katikati ya mzunguko wa magari: mtu anaipita na kwenda zake. Yenu itakuwa mbele ya dirisha la mtu, asubuhi na usiku wa manane, na huyo mtu hakuulizwa. Umbo la mwanamume mwenye bunduki, likimulikwa kwa nyuma gizani, ni kivuli cha mwanamume mwenye bunduki nje ya chumba cha kulala. Si kila veterani alifika vitani, na si kila aliyefika alirudi na jeraha la moyo, lakini hata wapangaji wawili tu wakikosa usingizi kwa sababu ya sanaa yenu, nyumba hizo zimepoteza maana.

Halafu, askari yupi? Washington walilipitia hili. Ukuta wa kumbukumbu ya Vita vya Vietnam, uliobuniwa na Maya Lin bila sura ya mtu yeyote, ulizinduliwa 1982. Walioupinga walidai sura za watu, na mwaka 1984 ikaongezwa sanamu ya Frederick Hart ya wanajeshi watatu, wote wanaume. Mwaka 1993 ikaongezwa nyingine, ya Glenna Goodacre, kwa ajili ya wanawake waliohudumu. Ukishaweka sura moja, anayefuata atauliza yake iko wapi. Kule kuna uwanja mpana na wachangiaji wa nchi nzima. Nyinyi mna bustani moja.

Kinachofaa kwenye makazi ni kazi inayotumika: ukuta uliopinda wenye viti ndani yake, paa la chuma lililochongwa linalotoa kivuli, mozaiki kwenye njia. Ongea na maveterani na utasikia jambo moja likirudi: wanapenda kukaa mgongo ukiwa umekingwa na macho yakiona anayeingia. Kwa hiyo viti viwe na ukuta nyuma, uoni uwe wazi mbele, na njia za kutoka ziwe mbili. Epukeni vipande vinavyogongana upepo ukivuma, maji yanayoruka ghafla, taa zinazopepesa, na chuma kilichong'arishwa kinachorusha mwanga wa jua madirishani. Na kwa kuwa mmesema kuna familia, hesabuni kwamba kila kilicho chini ya mita mbili kitapandwa na watoto. Msipoteze fedha kwa kibao cha kuwakataza.

Vipimo vya watu wenye ulemavu mviandike ndani ya tangazo la kazi, msisubiri mchoro uje ndipo muusahihishe. Viwango vya ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, vinasema kitu kilicho kati ya inchi 27 na inchi 80 kutoka chini kisijitokeze njiani zaidi ya inchi 4, kwa sababu fimbo ya asiyeona hupita chini yake bila kukigusa na kichwa ndicho kinachokutana nacho. Hapa ndipo sanamu nyingi zenye mabawa na mikono iliyonyooshwa huanguka mtihani. Dawa yake ni rahisi: kitako kipana kinachofika hadi chini ya ncha za juu. Njia iwe na upana usiopungua inchi 36, mteremko wake usizidi 1 kwa 20, na pawe na duara la inchi 60 ambapo kiti cha magurudumu kinaweza kugeuka. Pembeni ya kila benchi acheni nafasi ya kiti hicho, ili aliyemo akae sambamba na mwenzake badala ya kuegeshwa mbele yake.

Kuhusu malighafi, adui yenu mkubwa ni chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu. Chuma cha pua cha daraja la 316 huistahimili kuliko 304. Chuma kinachoachwa kishike kutu yake chenyewe, kile cha Corten, ni kizuri kwa macho, ila maji yake hupaka zege michirizi ya rangi ya kahawia. Kitakeni tu kama chini yake kuna changarawe na mfereji. Shaba nyeusi hudumu, lakini inataka kuoshwa na kupakwa nta mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka. Alumini isikutane na boliti za chuma cha pua bila kitenganishi, italika.

Shindano la wazi silipendekezi. Lile la ukuta wa Vietnam, mwaka 1981, lilipokea michoro 1,421. Nani kwenu atasoma hata mia? Tangazeni wito wa sifa pekee: kazi za nyuma, wasifu, barua fupi. Chagueni watatu, walipeni kila mmoja, tuseme dola 1,500, watembelee eneo na kuleta pendekezo. Msanii akitakiwa kubuni bure, wazuri hawaji. Jopo liwe na watu saba, na maveterani watatu angalau wawe na kura halisi. Kwa kuwa nyumba bado hazina watu, watafuteni kupitia wafanyakazi wa huduma wanaoandaa orodha ya wapangaji. Na mmoja awe mwanamke. Mkisahau hilo, mtakumbushwa hadharani.

Katika dola 120,000, ningeweka kando 12,000 za dharura na 4,500 za mapendekezo. Malipo ya msanii yasipungue 20,000. Zinazobaki ndizo za mhandisi, utengenezaji, usafiri, msingi, taa na bima, na zote ziwe kwenye mkataba, la sivyo mtashtukia kreni haina mwenyewe. Matunzo yasitoke humo. Fedha za ujenzi kwa kawaida haziruhusiwi kulipia gharama za miaka ijayo, kwa hiyo nta na sabuni ziingie kwenye bajeti ya uendeshaji wa jengo.

Mkataba sasa, na hapa uende kwa wakili, usitegemee mimi tu. Kwanza, nani anasaini? Kama mradi unatumia unafuu wa kodi wa nyumba za kipato cha chini, mpango ulioanza 1986, mmiliki wa jengo kisheria huwa ni ubia wenye mwekezaji ndani, si shirika lenu. Nimeona mikataba iliyosainiwa na mtu asiye mmiliki, na siku ya bima kila mmoja anamtazama mwenzake. Mhasibu wa mradi naye aulizwe mapema kama gharama za sanaa zinaingia kwenye hesabu za unafuu huo.

Pili, kulipa hakuwapi hakimiliki. Inabaki kwa msanii mpaka aihamishe kwa maandishi, basi ombeni kibali cha kutumia picha za kazi hiyo kwenye ripoti na vipeperushi. Tatu, sheria ya VARA ya 1990 inampa msanii haki ya kuzuia kazi yake isiharibiwe au kupotoshwa kwa muda wote wa uhai wake. Si ya mapambo. Huko Queens, New York, mmiliki wa majengo ya 5Pointz alipaka rangi nyeupe juu ya michoro ya ukutani mwaka 2013. Mwaka 2018 jaji akamwamuru alipe dola milioni 6.75 kwa ajili ya michoro 45, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye 2020. Wamiliki wengi humtaka msanii aiachie haki hiyo yote kwa saini. Mimi naona ni uroho. Andikeni badala yake kwamba kazi ikihitaji kuhamishwa au kutengenezwa, msanii atapewa taarifa ya siku 90 na nafasi ya kwanza ya kushauri au kuichukua. Akikaa kimya, mnaendelea.

Bodi wakilazimisha nembo za matawi ya jeshi, zisichongwe kabla ya kuomba ruhusa, kwa sababu matumizi yake yanadhibitiwa na kila tawi lina ofisi inayoshughulikia hayo. Na mkizipanga mstari mmoja, fuateni utaratibu rasmi: Army, Marine Corps, Navy, Air Force, Space Force, Coast Guard. Mkikosea hapo, veterani wa Marine Corps ataliona kosa kabla hajafunga mlango wa gari.