Mwanangu, kuhusu Adrien na hiyo baiskeli yako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Umeniuliza, "mama mbona kila siku unanitajia Adrien Niyonshuti, yule mwendesha baiskeli wa Rwanda, jamaa kastaafu hajawahi hata kukimbia Tour de France, mbio kubwa kuliko zote za baiskeli, sasa miaka yote ile ilimfaa nini?" Najua hapo unajiuliza habari zako mwenyewe pia, kama uendelee na mashindano ama uuze baiskeli, kwahiyo sitalipita swali lako juu juu.

Adrien kazaliwa 1987, kwao Rwamagana, mashariki ya Rwanda. 1994 alikuwa na miaka saba tu, mauaji ya kimbari yakaondoka na kaka zake sita na ndugu wengine wengi. Mtoto wa namna hiyo kusimama tena na kujifunza kushindana mimi naona ni jambo kubwa kabla hata hujaanza kuhesabu medali. 2008 akashinda Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za kuizunguka nchi yao, mwaka uliofuata timu ya MTN ya Afrika Kusini ikampa mkataba, akaenda kukimbia Tour of Ireland, Mnyarwanda kwenye mbio za wanaolipwa Ulaya, nani alikuwa amewahi kuona hilo?

Alafu kuna kitu nyie vijana hamkioni kwenye matokeo. Timu ya baiskeli ina mtu mmoja wa kushinda, waliobaki wote wanamfanyia kazi. Wanakaa mbele kumkinga upepo, manake ukijificha nyuma ya mwenzio unaokoa karibu theluthi ya nguvu zako, wanarudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua maji, wanajaza chupa mgongoni ndani ya jezi, wanapanda tena kulifukuza kundi, na kiongozi akipata pancha wanampa gurudumu lao, wao wanabaki pembeni ya barabara wakisubiri. Jioni majina yao yako chini kabisa kwenye karatasi. Hiyo ndio kazi inayowalisha waendesha baiskeli wengi duniani, na Adrien aliifanya mpaka 2017. Mimi siwezi kuita hiyo kushindwa, hata kidogo.

Na bado alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London 2012, akakimbia baiskeli za milimani akawa wa 39, na Rio 2016 akaibeba tena. Ile timu yake ilipoingia Tour de France 2015, timu ya kwanza ya Afrika kufika kule, yeye hakuwemo, ila Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akavaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima, ile ya anayeongoza kwa kupanda, na mimi naamini timu kama ile inajengwa na wote waliotangulia kukinga upepo, sio wale tu waliopigwa picha.

Sikudanganyi kuhusu pesa lakini. Baiskeli inakuacha mapema, yeye alistaafu akiwa na miaka 30 tu, umri ambao wenzio wa ofisini ndio kwanza wanapanda cheo. Kilichomsaidia ni kwamba hakusubiri mwisho, alishaanzisha akademi kwao Rwamagana watoto wapate baiskeli huku wanasoma, baadae akaenda Benin kufundisha. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakaja Kigali, mara ya kwanza Afrika, yani hao watoto wa Rwanda wameyaangalia mlangoni kwao.

Kwahiyo usiiuze. Ila chuo umalize, hilo halina mjadala, na hapohapo jifunze ufundi wa baiskeli vizuri, gia na breki na kunyoosha rimu, usiishie kukanyaga pedali tu. Ongea na kocha wako akuambie ukweli wewe ni mtu wa milima ama wa tambarare, alafu unipigie Jumapili tupange hela ya tairi, hayo uliyonayo yameisha na mvua zimeanza.

Mama yako