Wadogo zangu wa besi, someni nyuma ya boksi

Juzi nimemkuta kijana amechutama nyuma ya jukwaa anaipiga hedi yake (amplifaya ya gitaa la besi) makofi kama mtu anayeamsha redio ya zamani. "Kaka, imekufa ghafla." Haikufa. Nilijua kabla sijainama, maana ugonjwa huo niliwahi kuuugua mwenyewe. Basi ngoja niseme kwa wote, nimechoka kumnong'oneza mmoja mmoja.

1. Hedi nunua ya klasi D, ile aina nyepesi ya amplifaya, usijivunie uzito. Ampeg SVT, ile ya wati 300 iliyotoka 1969, hedi peke yake inakaribia kilo 40, na boksi lake la spika nane unalisukuma kama friji. Waliolibeba ngazini watakuonyesha mgongo bila kuombwa. Leo wati 500 zina kilo mbili au tatu na zinaingia kwenye mfuko wa begi la gitaa. Ila jua kuwa hizo 500 kwa kawaida ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika; zikishuka, hedi inabeba mzigo zaidi). Kwa boksi moja la omu 8 unapata kama nusu. Usilie. Nusu ya wati ni kupungua desibeli 3 tu za sauti.

2. Boksi la spika liwe la neodimi, ile sumaku nyepesi, spika moja ya inchi 12, omu 8. Ukipata hela ongeza pacha wake: 8 na 8 zikiungwa sambamba ni 4. Lipandishe juu ya mwenzake, usiyapange ubavu kwa ubavu. Masikio yako hayako magotini.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Nilipata maboksi mawili mepesi kutoka kwa mtu aliyekuwa anaacha muziki. Nikayafuta vumbi, nikayapiga picha, nikayasifia kwa kila mtu. Nyuma sikuangalia. Chumbani, kwa sauti ya chini, yaliimba vizuri kabisa.

Siku ya shoo tuko uwanja wa wazi. Wimbo wa pili nikaishukia noti ya E ya chini kwa nguvu zote. Kimya. Taa ya hedi nyekundu. Sekunde kadhaa ikarudi, nikapiga tena, kimya tena. Mpiga dramu ananikodolea macho. Mwimbaji akadhani nimeleta mapumziko ya makusudi, akaanza kuwapigisha watu makofi, na watu wakapenda! Kwa nyimbo mbili nzima bendi ikawa inafuata hitilafu yangu kama ndiyo mpangilio.

Laiti ningeishia hapo. Nilimfuata fundi mitambo mbele za watu nikamwambia umeme wake mbovu. Nilisema kwa sauti, na kidole nilinyoosha. Yule mzee hakunijibu. Akawasha tochi ya simu, akamulika kibandiko nyuma ya boksi la kwanza: 4. La pili: 4. Akaninyooshea vidole viwili: omu 2. Kisha akamulika nyuma ya hedi yangu mwenyewe, palipoandikwa kwamba isishuke chini ya omu 4. Akachomoa waya wa boksi moja, akarudi kwenye mikseri yake.

Tulimaliza na boksi moja na hakuna aliyelalamika kuwa besi ni ndogo. Radhi nilimwomba, lakini shoo iliyofuata, na alikuwa ameshawasimulia mafundi wenzake wote. Nilibahatika kwamba hedi ilikuwa na ulinzi wa kujizima. Isiyo nao ingeunguza transista, na mimi ningeendelea kulaumu umeme.

4. Waya wa gitaa si waya wa spika, hata jeki zikifanana. Ule mwembamba unapata moto. Tumia Speakon, plagi ya spika: ukiizungusha inajifunga, mtu akiukanyaga waya hauchomoki.

5. Acheni kupandisha besi mpaka mwisho. E wazi, waya mnene usiobanwa, ni Hz 41, huko boksi dogo halina pumzi. Koni ya spika inatapatapa na sauti haiongezeki. Punguza chini, ongeza katikati. Ukiwa peke yako utaichukia hiyo toni, ila gitaa mbili na kinanda vikiingia ndiyo pekee itakayosikika. DI (waya wa kupeleka sauti kwenye mikseri) itoke kabla ya EQ (vitufe vya kurekebisha toni), fundi mitambo asiteseke na ladha zako.

6. Begini: waya wa umeme wa akiba, waya wa spika wa akiba, tochi. Na feni ya hedi msiizibe kwa taulo, nimeyaona.

Yule kijana wa juzi? Maboksi matatu, yote ya omu 8. Nane gawanya kwa tatu, haifiki hata 3. Nikamchomolea moja, hedi ikaamka, akacheka kwa aibu. Akaniuliza sasa la tatu alifanyie nini. Nikamwambia alikalie, shoo bado ndefu.