Mradi umehamia anwani mpya: tuuondoe sasa au tusubiri?

Swali: Nafundisha kompyuta sekondari moja hapa Tabora. Mashine za maabara, zisipotumika, huchangia mradi wa utafiti kupitia BOINC, programu inayoazima nguvu ya kompyuta za watu kufanya hesabu za watafiti. Sasa kila mashine inatoa ujumbe kwamba mradi umebadilisha anwani, tuuondoe kisha tuuongeze upya. Tukiuondoa, alama walizokusanya wanafunzi, yaani zile mradi unazotoa kwa hesabu zilizofanywa na mashine, zitapotea?

Jibu: Mwalimu, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Alama hazipotei. Zinatunzwa kwenye seva ya mradi, ndani ya akaunti yenu. Kinachopotea ni kazi zilizo mkononi, yaani vipande vya hesabu ambavyo mashine hazijamaliza na kurudisha, na kwa ajili ya hizo nakuomba usiuondoe mradi leo.

Ukibonyeza Remove, BOINC inafuta kazi zote za mradi huo zilizomo kwenye mashine, hata ile iliyofika asilimia 95. Mara nyingi seva itaendelea kuisubiri hadi muda wake uishe, ndipo impe mtu mwingine aianze mwanzo. Mtafiti anacheleweshwa, na umeme wa shule umekwenda bure.

Kwa hiyo nenda Projects, chagua mradi, bonyeza No new tasks, halafu ziache mashine zimalize zilichonacho. Zikimaliza, hakikisha kwenye Transfers hakuna faili linalosubiri kupakiwa, kisha bonyeza Update. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: faili kufika kwenye seva ni hatua moja, kazi kuripotiwa kwa seva kuwa imekamilika ni nyingine. Subiri mpaka orodha ya Tasks isiwe na kazi ya mradi huo, ndipo uondoe. Kama mradi umetaja siku ya kuzima anwani ya zamani, anza kuzuia kazi mapema.

Usumbufu huu unatokana na jinsi BOINC inavyoutambua mradi: kwa anwani yake. Hata folda ya mradi na faili la akaunti ndani ya mashine vimepewa majina yanayotokana na anwani hiyo. Ikibadilika, kwa BOINC huo ni mradi mwingine kabisa.

Anwani mpya inakili kutoka kwenye ujumbe wa BOINC wenyewe, herufi kwa herufi, maana huenda kilichobadilika ni http kuwa https tu. Usiichukue kwenye kundi la WhatsApp. Kuongeza mradi ni kuruhusu programu za watu usiowaona zifanye kazi kwenye mashine za wanafunzi. Ukikosea mlango, umemkaribisha mwingine.

Unapouongeza, chagua kwamba tayari una akaunti, uweke baruapepe na nywila zilezile. Ukifungua akaunti mpya, alama zitagawanyika. Mashine ikijitokeza mara mbili kwenye akaunti, unaweza kuziunganisha hapohapo.

Halafu kuna bando. Programu na data za mradi zitapakuliwa upya, na kwa baadhi ya miradi ni mamia ya megabaiti kwa kila mashine. Anza na mashine moja, uone imepokea kazi na kuanza kuifanya, ndipo uziwashe nyingine kwa bando la usiku.